Debian imekosa waifai kwenye laptopu ya ex-UK: usitafute draiva, tafuta faili iliyotajwa

Swali: Habari yako, fundi. Nimenunua ThinkPad T470 ya ex-UK pale Moi Avenue, na rafiki wa chuo akanipa flashi yenye Debian 11, mfumo endeshi wa Linux. Wakati wa kusakinisha iliniambia kuna faili zinakosekana. Nilizihesabu zikafika kumi na tano, zote zinaanza na iwlwifi-8265, kisha ikaniuliza kama nina flashi nyingine ya kuzipakia. Nikajibu hapana, nikaendelea. Ilipomaliza nikabaki na skrini nyeusi ya maandishi matupu, hakuna madirisha, hakuna waifai. Dukani wanasema kadi ni nzima kwa sababu kwenye Windows ilishika mtandao. Nyumbani sina intaneti, natumia bando la simu. Je, kadi imekufa? Draiva nitaipata wapi? Msomaji, Umoja, Nairobi.

Jibu: Kadi yako haijafa, ndugu yangu, na draiva unayo tayari. Ulichokosa ni faili moja, na laptopu yenyewe ilikutajia jina lake kabla hujabonyeza hapana. Nashikilia jambo hili kwa sababu neno "draiva" ndilo linalowapoteza wengi. Mtu huzunguka siku mbili kwenye tovuti ya mtengenezaji akitafuta draiva ya Linux ya kadi ya Intel, wakati draiva hiyo imo ndani ya keneli, kiini cha mfumo wa Linux, tangu siku ya kwanza.

Draiva hukaa upande wa kompyuta, ikijua namna ya kuongea na kadi. Fimwea, yaani programu dhibiti, huendeshwa ndani ya kadi yenyewe, maana kadi ya waifai ina prosesa yake ndogo na kumbukumbu yake. Kwa kadi nyingi za sasa, fimwea haihifadhiwi ndani ya kadi. Kadi huamka tupu kila unapowasha laptopu, kisha draiva husoma faili kutoka folda ya /lib/firmware na kuipakia kwenye kadi. Faili isipokuwepo, utaiona kadi kwenye orodha ya vifaa na jina lake kamili, lakini haitaweza hata kutafuta mitandao iliyo jirani. Kwenye Windows faili hiyo huja pamoja na draiva katika kifurushi kimoja, ndiyo sababu watu wa duka waliona kila kitu sawa. Hawakukudanganya.

Kwa nini basi Debian 11 haikuiweka? Faili za fimwea hutolewa na makampuni zikiwa zimeshakusanywa, bila msimbo chanzo, na kanuni za Debian hazikuruhusu kitu cha namna hiyo ndani ya kisakinishi rasmi. Toleo la 11, lililotoka Agosti 2021, lilifuata kanuni hiyo. Mwaka 2022 wanachama wa mradi walipiga kura na kukubali fimwea iwemo kwenye diski rasmi, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 kisakinishi hubeba fimwea hizo na kuzipakia chenyewe kikiona kifaa kinazihitaji. Hazina mpya ya vifurushi vya programu ikaundwa kwa ajili yake, inaitwa non-free-firmware. Flashi uliyopewa ilikuwa ya upande wa zamani wa mpaka huo, na hapo ndipo shida yako yote ilipoanzia.

Zile faili kumi na tano zisikutishe. Draiva ya iwlwifi hujaribu toleo jipya zaidi la fimwea inalolijua, iwlwifi-8265-36.ucode, ikikosa inashuka hadi 35, kisha 34, mpaka ifike 22 ambalo ndilo la chini kabisa inalolikubali. Hesabu toka 36 mpaka 22 utapata kumi na tano. Inahitaji moja tu kati ya hizo.

Kabla ya kufanya lolote, thibitisha kwa macho yako, na mtu mwenye kadi nyingine pia aanzie hapa. Ingia kama mtumiaji mkuu kwa amri hii:

su -

Kile kistari kina kazi. Ukiandika su peke yake, njia ya folda za mfumo haitabadilika, na amri kama modprobe zitajibiwa "command not found" ingawa zipo. Kisha andika:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye maneno Network controller. Kwa T470 yenye kadi hiyo utaona Intel Wireless 8265 / 8275, na mwishoni mwake, ndani ya mabano ya mraba, 8086:24fd. Hicho ndicho kitambulisho cha kweli cha kadi: sehemu ya kwanza ni mtengenezaji, ya pili ni modeli. Jina lililochapishwa kwenye kibandiko chini ya laptopu usiliamini sana, hasa kwa mashine za ex-UK, kwa sababu huenda kadi ilishabadilishwa kabla haijafika kwako. Mistari miwili mitatu chini yake angalia kama kuna Kernel driver in use. Fimwea ya Intel ikikosekana, mara nyingi mstari huo haupo kabisa ila Kernel modules: iwlwifi upo. Maana yake draiva ilikuja, ikakosa faili, ikaachia kifaa.

Kisha:

dmesg | grep -i firmware

Amri hiyo husoma taarifa za keneli kuhusu fimwea. Utapata mistari kama huu, tarakimu za mwanzo zitatofautiana kwa kila mashine:

iwlwifi 0000:04:00.0: firmware: failed to load iwlwifi-8265-36.ucode (-2)

Ile (-2) ni namba ya kosa la keneli yenye maana kwamba faili haikupatikana. Ukiona namba hiyo, acha kushuku kadi, antena au BIOS (programu inayoiwasha laptopu): ni faili haipo, basi. Kwenye Debian mtumiaji wa kawaida hukatazwa kusoma dmesg, kwa hiyo ikikujibu "Operation not permitted" rudi kwenye su -.

Sasa tiba. Kwa hali yako ningeanza upya na Debian 13 badala ya kuhangaika na hiyo 11. Huna kitu cha kupoteza ndani yake, ni mfumo mtupu usio na hata madirisha. Kuipandisha toka 11 kwenda 13 lazima upitie 12 katikati, hairukwi, na kila hatua inakula bando. Debian 13 ilitoka Agosti 2025 na ina miaka ya masasisho mbele yake.

Kisakinishi kidogo cha netinst kwa amd64 ni chini ya GB 1. Kipakue kwenye tovuti ya debian.org, kwa kompyuta ya rafiki au kwenye saiba, na upakue pia faili ya SHA256SUMS iliyo folda moja nacho. Usiruke kukagua. Upakuaji uliokatika katikati hutoa flashi inayowaka vizuri kabisa kisha inagoma nusu ya safari, na mtu anaishia kuilaumu laptopu. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike Get-FileHash ikifuatwa na jina la faili. Kwenye Linux ni sha256sum. Herufi zote lazima zifanane na zilizo kwenye SHA256SUMS.

Kuandika flashi kwa Windows, tumia Rufus, na ikikuuliza hali ya ISO au ya DD, chagua DD. Kwenye Linux, toa flashi kwanza uandike lsblk, irudishe uandike lsblk tena: jina lililoongezeka ndilo flashi yako. Tuseme ni sdb, na upo kwenye folda yenye faili ya ISO, yaani kile kisakinishi ulichopakua:

cp debian-13*-amd64-netinst.iso /dev/sdb
sync

Andika sdb, si sdb1, na uwe na hakika ya herufi hiyo, maana ukiandika sda unaweza kufuta diski ya mwenye kompyuta. Kama huna kompyuta yoyote karibu, kuna programu ya Android iitwayo EtchDroid inayoandika flashi kwa kutumia simu. Utahitaji adapta ya OTG, kitu kidogo ambacho hukosi kwenye vibanda vya Luthuli Avenue.

Washa T470 ukigonga F12, chagua flashi. Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zenye sahihi tu kuwaka, iache kama ilivyo, Debian huwaka nayo. Wengi huizima wakidhani ndiyo inayozuia fimwea. Haihusiki, kwa sababu fimwea si sehemu ya keneli. Inapelekwa ndani ya kadi na kadi yenyewe ndiyo huikagua.

Kisakinishi cha 13 kitaitambua kadi, kitapakia fimwea bila kukuuliza, kisha kitakuonyesha mitandao. Washa hotspoti ya simu yako, na kwenye mipangilio yake weka ulinzi wa WPA2 na masafa ya 2.4 GHz. Hotspoti ya WPA3 pekee inaweza kukataliwa na kisakinishi ingawa nenosiri ni sahihi, na ujumbe unaotokea hautakuambia sababu. Ukifika kwenye kuchagua mazingira ya madirisha, kumbuka kwamba hapo ndipo bando linapoliwa kweli. GNOME nzima ni zaidi ya GB 1 ya kupakua. Kwa bando la siku, Xfce ni nyepesi na T470 itaiendesha bila shida. Ondoa alama ya GNOME kwa kubonyeza kitufe cha nafasi (space), weka kwenye Xfce.

Hapo ndipo pia penye jibu la ile skrini nyeusi iliyokusumbua. Netinst haibebi madirisha, huyapakua. Iliposakinishwa bila mtandao, iliweka msingi wa mfumo peke yake ikaishia hapo. Haikuharibika.

Kuna njia ya pili, na inawafaa walio na Debian tayari na hawataki kuanza upya: intaneti ya simu kwa kebo ya USB. Simu ya Android ikiunganishwa hivyo huonekana kwa laptopu kama kadi ya kebo ya mtandao, na haihitaji fimwea yoyote. Chomeka simu kwanza, kisha fungua mipangilio ya hotspoti uwashe kipengele cha kusambaza mtandao kupitia USB. Kipengele kikibaki cha kijivu, kosa karibu kila mara ni kebo. Kebo nyingi za bei ya chini zina nyaya za chaji tu, hazina za data. Jaribu ile iliyokuja na simu. Na kama mtu ana waifai nyumbani, simu ikiwa imeunganishwa nayo, laptopu itapitia hiyo hiyo bila kugusa bando la simu. T470 pia ina tundu la kebo ya mtandao, na kadi ya kebo ya Intel iliyomo haihitaji fimwea, kwa hiyo rauta ya jirani na kebo ya mita mbili ingemaliza kazi.

Kwenye mfumo wenye madirisha, simu ikichomekwa mtandao hujiwasha wenyewe. Kwenye mfumo mtupu lazima uuwashe kwa mkono. Andika ip link uone jina jipya lililotokea baada ya kuwasha kipengele kile kwenye simu: linaweza kuwa usb0, au jina refu linaloanza na enx au enp. Fungua faili kwa nano /etc/network/interfaces na uongeze mwishoni, ukiweka jina uliloliona:

allow-hotplug usb0
iface usb0 inet dhcp

Hifadhi, andika ifup usb0, kisha ping -c 3 deb.debian.org. Ukipata majibu, nenda kwenye /etc/apt/sources.list, faili inayoiambia apt, programu ya kusakinisha vifurushi, ipakue wapi. Mstari unaoanza na deb cdrom uwekee alama ya # mbele, la sivyo apt itaendelea kudai diski. Kwa Debian 13 mistari iwe hivi:

deb http://deb.debian.org/debian trixie main non-free-firmware
deb http://deb.debian.org/debian trixie-updates main non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security trixie-security main non-free-firmware

Kwa 12 badilisha trixie iwe bookworm. Anayebaki na 11 atumie bullseye, lakini huko hazina inaitwa non-free tu. Ile ya non-free-firmware haipo kabisa kwenye toleo hilo. Na aliyepandisha mfumo kutoka 11 kwenda 12 bila kuongeza jina jipya, fimwea yake imebaki ile ya zamani bila kusasishwa. Hilo huonekana miezi baadaye, keneli mpya inapotaka faili mpya na kuikosa.

Halafu:

apt update
apt install firmware-iwlwifi intel-microcode
modprobe -r iwlmvm iwlwifi
modprobe iwlwifi

Nimeongeza intel-microcode kwa kuwa ipo hazina hiyo hiyo na hurekebisha dosari za usalama za prosesa. Kwenye mashine ya AMD ni amd64-microcode. Angalia tena dmesg. Unachotafuta sasa ni mstari wenye loaded firmware version 36. Ukiuona, kadi imeamka. Kisha andika tasksel uchague madirisha.

Jihadhari na apt update ikikujibu kwamba faili ya Release "is not valid yet". Hilo linawapata sana wenye laptopu za ex-UK. Betri ndogo ya saa kwenye bodi imekaa miaka ikachoka, tarehe imerudi nyuma, na apt inaona orodha zote kama za siku zijazo. Andika date uone. Ikiwa si ya leo, iweke kwa date -s, mwaka kwanza, mwezi, siku, kisha saa, yote ndani ya alama za kunukuu, halafu hwclock -w ili ibaki. Ikirudi nyuma tena baada ya kuchomoa chaji na betri, badilisha hiyo betri ya saa.

Baada ya madirisha kuingia na waifai kuwaka, rudi kwenye /etc/network/interfaces ufute ile mistari miwili ya usb0. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye mfumo wenye madirisha, huacha kifaa chochote kilichotajwa humo, na ukisahau, siku nyingine ukichomeka simu itaonekana "haisimamiwi" na hutajua kwa nini.

Kama hakuna namna ya kupata mtandao kwenye laptopu, faili inaweza kubebwa. Saiba, fungua packages.debian.org, tafuta firmware-iwlwifi ya toleo lako, pakua ile .deb. Mwisho wa jina lake kuna all, maana yake inafaa mashine ya aina yoyote, na haitegemei kifurushi kingine. Weka kwenye flashi ya FAT, ichomeke, tafuta jina lake kwa lsblk, kisha:

mount /dev/sdb1 /mnt
apt install /mnt/firmware-iwlwifi_*.deb

Lakini ujue mpaka wa njia hii. Kwenye mfumo mtupu fimwea itaiamsha kadi, ila kuungana na mtandao wenye nenosiri kunahitaji pia wpasupplicant, na hiyo ina vitegemezi vyake. Utajikuta unarudi saiba mara tatu. Kwa mfumo wenye madirisha tayari, njia hii inatosha kabisa. Swali lile la kisakinishi cha 11 kuhusu flashi nyingine lilikuwa linataka kitu hiki hiki: flashi ya pili yenye .deb hiyo, juu kabisa au ndani ya folda inayoitwa firmware. Ya pili, kwa sababu ile iliyoandikwa kwa cp au Rufus haikubali kuongezwa faili kwa njia ya kawaida.

Huenda wasomaji wengine hawana Intel, kwa hiyo niwataje. Realtek nyingi za ndani ya laptopu, kama RTL8723BE na RTL8821CE, zinapata faili zao kwenye firmware-realtek. Qualcomm Atheros QCA9377 ni firmware-atheros. MediaTek MT7921 kwenye Debian 12 imo ndani ya firmware-misc-nonfree, na kwenye 13 imetengewa kifurushi chake, firmware-mediatek. Kadi za zamani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k, kwa mfano AR9285 na AR9485, hazidai fimwea yoyote. Ukiipata laptopu yenye moja ya hizo, hata Debian 11 ingeshika mtandao papo hapo.

Broadcom ni habari nyingine, na naomba mwenye BCM43142, kitambulisho 14e4:4365, asome taratibu. Hapa ndipo kweli tatizo ni draiva. Keneli haina draiva huru ya kadi hiyo, kwa hiyo hata kisakinishi cha Debian 13 pamoja na fimwea zake zote hakitaiwasha. Utahitaji mtandao wa simu kwa kebo, uongeze non-free kwenye sources.list, halafu:

apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Draiva itakusanywa hapo hapo kwenye mashine yako, na ikikosa linux-headers itasakinishwa kimyakimya bila kufanya kazi. Secure Boot, ambayo kwa Intel haikuhusika, hapa inahusika, kwa kuwa hii ni sehemu ya keneli isiyo na sahihi ya Debian. Ama uizime kwenye BIOS, ama usajili ufunguo kwa mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub, uweke nenosiri la muda, uwashe upya, na kwenye ile skrini ya bluu uchague Enroll MOK. Ukiipita skrini hiyo bila kuchagua, ufunguo hausajiliwi na unaanza tena. Toleo la mwisho la kampuni la draiva hiyo ni la 2015, na kila keneli mpya ikija kuna hatari ikagoma kukusanywa. Maoni yangu ni kwamba kadi hiyo ibadilishwe, ila soma hapo chini kwanza.

Fimwea si ya waifai peke yake. Laptopu yenye kadi ya picha ya AMD ikikosa firmware-amd-graphics inaweza kuwaka, ikaonyesha GRUB (menyu ya kuwashia mfumo), kisha skrini ikawa nyeusi moja kwa moja. Bonyeza e kwenye GRUB, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset, bonyeza F10, na utaingia kwa picha hafifu uweze kusakinisha kifurushi. Sauti inayoonyesha "Dummy Output" kwenye laptopu mpya za Intel mara nyingi inataka firmware-sof-signed.

Kuna pia malalamiko ya kupuuza. iwl-debug-yoyo.bin ikitajwa kwenye dmesg kuwa haipo, iache. Ni ya wahandisi wa kusaka hitilafu, na kadi inafanya kazi bila hiyo. Vivyo hivyo "Possible missing firmware" ya i915 wakati wa kusasisha keneli: orodha hiyo inataja faili za prosesa za vizazi vyote, zikiwemo ambazo laptopu yako haina. Na kama fimwea imepakiwa vizuri lakini hakuna mtandao unaoonekana, andika rfkill list. Soft blocked: yes huondolewa kwa rfkill unblock wifi. Hard blocked: yes ni swichi ya pembeni, kitufe cha kibodi, au waifai iliyozimwa kwenye BIOS na mwenye laptopu wa kwanza, jambo la kawaida kwa mashine zilizotoka maofisini. Hakuna faili itakayotibu hilo.

Kuhusu kubadilisha kadi: ThinkPad na HP nyingi za miaka ya nyuma zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazokubalika. Ukiweka isiyomo, laptopu inagoma kuwaka kabisa. ThinkPad huonyesha namba 1802 na maneno Unauthorized network card, HP huonyesha 104 na Unsupported wireless network device. Nyingine zinataka kadi yenye namba ya sehemu ya kampuni hiyo hiyo, hata kama ni Intel ile ile. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta mwongozo wa ukarabati wa modeli yako, soma namba ya sehemu ya kadi ya waifai, na umwonyeshe muuzaji namba hiyo, si jina la kadi. Angalia na umbo pia: laptopu za kabla ya 2013 hivi hutumia mini PCIe, za baadaye M.2, na moja haiingii kwenye tundu la nyingine.